Kauri, Ufa na Mazida

Neno kauri lina makao mawili katika Kiswahili. Makao ya kwanza ni ufukweni: kauri ni gamba la konokono wa baharini, jeupe, laini, lenye mgongo wa mviringo na mdomo wenye meno, ambalo zamani lilikuwa sarafu katika mikono ya wafanyabiashara na hata leo halijakosa kazi katika ramli na mapambo. Makao ya pili ni kabatini: vyombo vya kauri, vile visahani na vikombe ambavyo mama zetu waliviteremsha alipofika mgeni wa heshima peke yake. Neno lenyewe lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na msomaji asiyelichunguza atadhani ni bahati tu kwamba limebeba vitu viwili. Lakini Waitalia nao walifanya jambo lilo hilo. Gamba hilo waliliita porcellana, kwa kuwa mgongo wake uliwakumbusha nguruwe mdogo, na Marco Polo alilitumia neno hilo moja kwa gamba la baharini na kwa vyombo vya Uchina. Kutoka hapo Ulaya nzima ikapata jina la chombo. Pwani mbili zilizo mbali mno ziliutazama weupe mmoja zikatoa hukumu moja. Mimi, niliyefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, sijapata ushahidi mzuri kuliko huo wa kwamba jina la kitu huanza kwa jicho.

Sisi wa mwambao hatukuwa wageni wa vyombo hivyo. Anayetembelea magofu ya Kunduchi au ya Kaole huona makaburi ya nguzo, na katika nguzo zake huona vishimo vya mviringo ambamo bakuli za Kichina zilipachikwa kwa chokaa. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu kulikuwa na zidaka ukutani, safu juu ya safu, na vyombo viling'aa humo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kutuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi dunia inavyowageuka wenye nazo, hakusahau zidaka hizo wala vyombo vyake. Lakini vyombo vyote hivyo vililetwa na jahazi. Udongo ule hatukuuchoma wenyewe, na hapo ndipo ilipo haja yangu ya kuandika leo juu ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye kwa miaka kadhaa sasa nimemfanya mwalimu wangu wa ushairi, ingawa sijui kama aliandika hata ubeti mmoja.

Jina lake ni Adelaide Alsop Robineau. Alizaliwa mwaka 1865 Middletown, katika jimbo la Connecticut, na alifariki mwaka 1929 Syracuse, katika jimbo la New York. Katika ujana wake, kazi iliyomkalia vyema mwanamke mwenye adabu na asiye na mali ilikuwa kuchora maua juu ya vyombo vya kauri. Vyombo vyenyewe vilitoka viwandani, vingi vikiagizwa Ulaya, vikiwa vyeupe pe. Kazi ya mchoraji ilikuwa kununua, kupaka rangi, kuchoma tena kidogo ili rangi ishike, na kuuza. Adelaide alijifunza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa mwenyewe, kwa vitabu na kwa kujaribu, akaifundisha kwa muda katika shule moja ya wasichana huko Minnesota. Baadaye alisoma uchoraji kwa William Merritt Chase mjini New York. Mwaka 1899 aliolewa na Samuel Robineau, Mfaransa, na mwaka huo huo wakaanzisha jarida la wachoraji wa vyombo, Keramic Studio, ambalo alilihariri kwa miaka mingi na ambalo ndilo lililoweka chakula mezani.

Angeweza kuishia hapo akaitwa bingwa. Kilichomsukuma mbele ni swali ambalo kila mtunzi huliuliza siku moja, akipenda asipende: kazi yangu ni ipi hasa, ikiwa chombo ni cha mwingine na mimi nimeongeza maua tu? Akataka kufanya yote mwenyewe, tangu kuuchanganya udongo, kuufinyanga kwa gurudumu, kuuchonga na kuutengenezea utando wake wa kioo, mpaka kuuchoma. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na zaidi, mama, mhariri mwenye tarehe za kuwahi, na alikuwa anataka kuanza upya kabisa katika sanaa ambayo viwanda vya wafalme vilikuwa vimeilinda kama siri ya dola.

Alipata mafunzo machache tu ya darasani, majuma kadhaa kwa Charles Binns katika shule ya ufinyanzi ya Alfred. Mwalimu wake mkubwa alikuwa maandishi. Taxile Doat, fundi wa kiwanda cha Sèvres nchini Ufaransa, alikuwa ameandika maelezo marefu juu ya kauri zichomwazo kwa moto mkali. Samuel akayafasiri kutoka Kifaransa, na kuanzia mwaka 1903 yakachapwa katika jarida lao. Naomba wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi wenu mmewahi kuifanya kazi ya tafsiri na kuambiwa kwamba si kazi, mlitazame jambo hili kwa makini. Mume alikaa usiku akihamisha istilahi za tanuri kutoka lugha moja kwenda nyingine, na mkewe akaenda kwenye karakana akazitia katika udongo. Twasema amejifunza mwenyewe, na ni kweli; lakini hakuna ajifunzaye mwenyewe katika lugha isiyokuwa na maneno ya jambo analotaka kujifunza.

Mwanzoni walijaribu kuifanya iwe biashara, wakatoa vitu vidogo vya kuuzika upesi, hata vitasa vya duara vya milango. Hakudumu nayo. Aliamua kwamba kila chombo kitakuwa kimoja tu, kisirudiwe.

Kauri si chungu cha kawaida. Udongo wake ni kaolini, mweupe na safi, uliochanganywa na mawe ya kusagwa ya namna ya feldispa na kwatsi. Ukichomwa kwa joto lipatalo nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, huanza kuyeyuka kwa ndani bila kuanguka, ukawa kitu kati ya jiwe na kioo, kinachopitisha mwanga pale palipo chembamba. Katika kuyeyuka huko chombo husinyaa, hupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kimo chake, na kila palipokuwa na unene usiolingana, au kiputo cha hewa, au mkono uliobonyeza kwa pupa, hapo moto huja kudai deni lake. Kabla ya kuchomwa ni laini kama chaki iliyokauka. Ukikishika vibaya, kimekwisha. Adelaide alikuwa akichonga nakshi zake katika hali hiyo hiyo ya ukavu, kwa ncha za vyuma, akiondoa vumbi kidogo kidogo.

Mwaka 1910 alikaribishwa University City, karibu na St. Louis, ambako mchapishaji mmoja mwenye ndoto kubwa kuliko mfuko wake, Edward Lewis, alikuwa ameanzisha chuo cha sanaa na kumleta Doat mwenyewe kutoka Ufaransa. Hivyo msomaji akakutana na mwandishi wake. Hapo ndipo alipokifanya chombo kinachojulikana kwa jina la Scarab Vase, chenye kimo cha sentimita 42 hivi, pamoja na kifuniko na kigoda chake. Mwili wake wote umechongwa mfano wa yule mdudu asukumaye tonge la samadi, ambaye Wamisri wa kale walimfanya alama ya jua na uhai, akiwa amerudiwa safu kwa safu mpaka jicho likasahau mdudu likaona mdundo tu. Inasemekana aliichonga kazi hiyo kwa saa elfu moja. Jina lake la pili, kwa Kiswahili changu, ni Kutukuka kwa Mvuja Jasho. Sisi tuliokulia katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha tulilisikia neno mvuja jasho mpaka likachuja rangi, na sikutegemea kuja kulikuta uzeeni, jipya kabisa, chini ya kitako cha chombo cha Marekani.

Gawanyeni saa elfu moja. Ukifanya kazi saa nane kwa siku bila ya Jumapili wala ugonjwa, ni miezi minne na zaidi. Na kazi yote hiyo bado ni vumbi lililoshikamana, mpaka iingie motoni.

Ikaingia. Ilipotoka, kitako kilikuwa na nyufa.

Doat, mtu aliyezaliwa akiwa kama yumo kiwandani, alitazama akasema chombo hicho hakiponyeki, na kwamba la kufanya ni kuziba nyufa kwa lahamu ya rangi ili zisionekane. Ulikuwa ushauri wa kweli, wa fundi mkuu kwa rafiki, na mafundi wengi wangeukubali. Adelaide aliukataa. Alisaga kauri ileile mpaka ikawa unga, akajaza nyufa kwa unga huo, akapaka utando mpya, kisha akakirudisha chombo kizima motoni, joto lile lile lililokipasua mara ya kwanza. Yaani alizihatarisha zile saa elfu moja mara ya pili. Kikatoka hakina dosari. Mwaka uliofuata, katika maonyesho ya kimataifa ya Turin huko Italia, kazi zake zilipewa tuzo kuu. Chombo chenyewe kipo hadi leo Syracuse, katika jumba la makumbusho la Everson.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinanirudisha kwenye somo moja nililolifundisha kidato cha tatu na cha nne mwaka baada ya mwaka: uhuru wa mshairi. Wanafunzi hukariri upesi. Inkisari ni kulifupisha neno ili mizani itoshe, alonipa badala ya aliyenipa. Mazida ni kulirefusha, afiya badala ya afya. Na shairi lililopungukiwa na mizani au vina tunaliita guni. Kinachowashinda wanafunzi, na si wanafunzi pekee, ni kutambua kwamba uhuru huo ni wa namna mbili. Iko mazida iliyo ya unga wa kauri ileile: neno limerefushwa kwa namna ambayo lugha yenyewe inaikumbuka, kwa kuwa ndivyo lilivyotamkwa mahali fulani au zama fulani, nalo likipita motoni huungana na ubeti. Na iko mazida ya lahamu: silabi iliyobandikwa, na isiyo na maana, yo isiyorejelea kitu. Ukiutazama mshororo kwa mbali umetimia. Ukiugonga kwa kidole haulii.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, maana si adabu kuwagonga wengine. Kwa miaka miwili nimekuwa nikitunga shairi la kumkumbuka mama yangu, na beti lililonikalia kooni ni lile la siku niliyotoka nyumbani kwenda chuo cha ualimu. Mshororo ulinijia hivi: Mama aliponiaga, hakuyasema mengi. Kipande cha kwanza kina mizani nane. Cha pili kina saba. Nilichohitaji kilikuwa silabi moja tu, na mlango wa lahamu ulikuwa wazi: hakuyasema na mengi. Nani angenikamata? Ile na ingepita katika kughani bila mtu kugeuka. Lakini mama yangu hakuwa mtu wa na isiyo na kazi. Alikuwa akiosha chungu kabla ya kukitumia na baada ya kukitumia.

Nikalivunja beti zima. Vina vya mwisho vilikuwa vya ngi katika mishororo yote minne, na nilivipenda, hasa cha nne. Nikaviacha. Zikapita wiki tatu, nikiamka alfajiri kabla ya sauti za barabarani, ndipo mshororo ukarudi hivi: Mama aliponiaga, alinishika kidevu. Hesabuni, ni nane kwa nane. Lakini si hesabu iliyonitoa machozi. Mshororo wa kwanza ulikuwa unaniambia kitu ambacho mama hakukifanya. Wa pili umeniambia alichokifanya, nami nilikuwa nimekisahau kwa miaka zaidi ya arobaini. Upungufu wa silabi moja ndio ulionilazimisha kurudi pale mlangoni nikatazama tena. Ningeiziba kwa na, kile kidevu kingebaki kimezikwa.

Ndiyo sababu sikubaliani na wenzetu wasemao kwamba arudhi ni pingu, na vilevile sikubaliani na wenzetu wasemao kwamba shairi lisilo na vina si shairi. Wote wawili, kwa maoni yangu, wanabishana juu ya umbo la tanuri. Mimi nauliza kama kitu kimechomwa.

Kuna jambo moja ambalo Adelaide aliliandika katika jarida lake, nalo linanisumbua. Alisema kwamba sanaa ina wivu, haivumilii mshindani, na kwa sababu ya watoto na nyumba, ambavyo mwanamke hawezi wala hataki kuviacha, mwanamke hatarajii kuwa mkuu katika sanaa kama mwanamume. Aliyeyasema haya alikuwa na watoto watatu, jarida la kila mwezi, na tuzo kuu ya Turin. Nimelibeba neno hilo kwa muda mrefu. Mimi pia nimetunga huku sufuria likiwa jikoni na madaftari mia moja na ishirini yakisubiri kalamu nyekundu. Nimetunga beti nikinyonyesha, nikazishika kichwani kwa kuwa mkono haukuwa huru, na zilizopotea ni nyingi kuliko zilizosalimika. Kwa hiyo sitamwambia kwamba alisema uongo. Alisema hesabu ya saa, na saa hazina huruma.

Hata hivyo nadhani alikosea katika neno mkuu. Ukuu alioupima nao ulikuwa wa wingi, wa mwanamume anayeingia karakana asubuhi na kutoka usiku, akaacha nyuma yake vyombo maelfu. Yeye aliacha vichache. Makumbusho ya Syracuse yalinunua thelathini na viwili kutoka kwake mwaka 1916, na kuna vingine hapa na pale. Lakini fikirini wake wa pwani yetu waliotunga kati ya kusonga na kupakua. Mwana Kupona binti Mshamu alimwandikia bintiye utenzi mmoja akiwa mgonjwa, karibu na mwisho wa maisha yake katika karne ya 19, na utenzi huo mmoja umemweka mahali ambapo watunzi wa mamia ya mashairi hawajafika. Sisemi kwamba uchache ni fadhila. Nasema tu kwamba mtu akikwambia huwezi kwa sababu ya nyumba, muulize anapima kwa pishi gani.

Swali la kujifunza mwenyewe ningependa kuligusa kama mwalimu, maana watu hulitumia kuwapiga walimu. Nimekutana na washairi wasiokaa darasani hata siku moja ambao mizani imo katika mapigo ya mioyo yao, na nimewafundisha wenye alama za juu ambao hawakutunga kitu kilichoweza kusimama. Lakini Adelaide hakuwa mtu wa kuidharau elimu. Alisoma kila alichokipata; alikwenda kwa Binns kwa majuma machache alipoona haja; alimheshimu Doat mpaka pale alipomkatalia. Mwaka 1920 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, na naamini alifundisha vyema, kwa kuwa alijua kila hatua inavyomuuma mtu anayeipanda bila mkono wa kumshika. Kujifunza mwenyewe, kama ninavyokuelewa mimi, ni kukubali kuwa mwanafunzi wa udongo kwanza. Mwalimu mwingine yeyote huja baadaye.

Na udongo tunao. Katika vilima vya Pugu, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam, imo kaolini nyingi, nyeupe, ileile iliyowapa Wachina jina duniani. Niliwahi kuishika. Ni nyepesi kuliko unavyodhani, na huacha vumbi katika vidole kama la ubao wa darasani, jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Huko kusini, nilipofundisha kwa muda mkoani Mbeya, nilikuwa nikinunua vyungu vya Wakisi, wanawake wa ufuko wa Ziwa Nyasa, ambao hufinyanga kwa mkono bila gurudumu na kuchoma kwa moto wa wazi. Vyungu vyao vina uzuri ambao sijaona kabatini. Kwa hiyo udongo upo, na mikono ipo. Nikijiuliza ni nini kingemzuia binti wa Pugu au wa Matema kufanya alichokifanya Adelaide, jibu la kwanza ni fedha, la pili umeme, na la tatu ambalo halitajwi ni lile la Samuel: nani atamfasiria? Maelezo ya Doat yakiletwa mezani kwangu leo, nitaandikaje kwa Kiswahili hatua za tanuri, pale moto unapopewa hewa na pale unaponyimwa, ili mtu aweze kuzifuata akiwa peke yake karakanani?

Nimeanza kukusanya maneno. Kufinyanga tunalo, na kukanda, na kukausha kivulini. Utando wa kioo nimeutumia hapa kwa kukosa bora. Kwa chombo kinachosinyaa motoni nimesikia watu wawili, wa sehemu mbili, wakisema kimejikunyata, na nimelipenda. Waganda wana ufinyanzi wa zamani wa vyungu vya mfalme, nao pia sharti wawe na msamiati ambao jirani anaweza kuukopa. Lakini neno ninalolitafuta zaidi ni la ule ufa mwembamba unaoanza kitakoni wakati wa kupoa, ambao hauonekani kwa macho na hujulikana kwa sauti tu chombo kinapogongwa. Mfinyanzi wa kwenu huuitaje?